Ajali moja, mafaili matatu: jinsi madai ya bima ya gari yanavyokwenda

Trafiki akishapima barabara, akachora mchoro wake na kumwambia dereva wa daladala kwamba kosa ni lake, wenye magari wengi huona kazi imekwisha. Mkosaji kapatikana, bima ipo, kilichobaki ni kulipwa. Miezi miwili baadaye gari bado liko gereji limefunikwa turubai, fundi anapiga simu kuulizia hela yake, na kampuni ya bima kila ikiulizwa inasema inasubiri nyaraka.

Tatizo ni kwamba ajali ni moja lakini mafaili ni matatu, na kila faili lina mwenyewe. Faili la polisi linatafuta kama kuna mtu aliyevunja Sheria ya Usalama Barabarani. Faili la kampuni yako ya bima linatafuta jambo jingine kabisa: je, mkataba uliosaini unagusa hasara hii, na kwa kiasi gani? Hata kama mkosaji ni wewe, bima kubwa inakutengenezea gari lako. Ndiyo maana watu wanailipia ghali. Faili la tatu ni deni la fidia kati yako na aliyekugonga, na hilo maelewano yakishindikana linakwenda mahakamani kama kesi ya madai. Yangekuwa mafaili yasiyojuana, shida ingekuwa ndogo. Lakini karatasi unayosaini kwenye faili moja inaweza kukufungia mlango kwenye jingine, na mara nyingi karatasi hiyo husainiwa pale pale barabarani, jasho likiwa bado linatoka.

Tuchukue tukio ambalo Dar es Salaam halimshangazi mtu. Toyota IST imesimama kwenye mataa ya Buguruni, Barabara ya Mandela. Daladala aina ya Coaster inakuja nyuma, inachelewa kushika breki, inaivaa IST. Bampa la nyuma limepasuka, mlango wa buti umeingia ndani, taa ya kulia imevunjika. Hakuna aliyeumia. Mwenye IST ana bima kubwa. Daladala ina bima ndogo, kwa maana ya bima inayolipa madhara ya watu wengine tu.

Konda ndiye huwa wa kwanza kushuka. "Dada, tuyamalize hapa hapa, tusisumbuane. Nampigia bosi sasa hivi." Bosi anatuma laki mbili kwa simu, dereva anachana karatasi ya daftari, anaandika "tumemalizana, hakuna anayemdai mwenzake," wote wanasaini na namba za simu juu. Foleni inapiga honi. Kila mtu anaondoka akiona kafanya la busara.

Kesho yake fundi anafungua bampa na kukuta chuma cha nyuma kimepinda na sakafu ya buti imejikunja. Laki mbili haitoshi hata nusu. Mwenye gari anakumbuka kwamba ana bima kubwa, anakwenda kampuni yake, anaulizwa kama kuna makubaliano yoyote yaliyofanyika. Hapo ndipo karatasi ya daftari inapoanza kuuma. Kampuni ya bima ikikulipa, sheria inaipa haki ya kusimama mahali pako na kumdai aliyekugonga au bima yake. Wewe ukishaandika kwamba humdai, umeifuta haki hiyo, na kampuni inaweza kukwambia: hasara uliyokubali kuisamehe, ibebe mwenyewe. Kwa upande wa pili, ungekuwa wewe uliyegonga, mikataba karibu yote ya bima ya gari inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Kusema "pole" ni utu. Kuandika "kosa ni langu nitalipa gharama zote" ni kuibebesha kampuni deni bila kuiuliza.

Simaanishi kwamba kila mkwaruzo wa kioo cha pembeni uende polisi. Kuna ajali ndogo ambazo kuyamaliza barabarani ndiyo akili, hasa gharama ikiwa chini ya kiasi ambacho ungekatwa na bima. Lakini chuma kikishaingia ndani, macho hayatoshi kupima, na laki mbili za haraka huwa ni bei ya kutojua kilicho nyuma ya bampa.

Kwa hiyo pale barabarani kazi ni ya kukusanya, kujadiliana kuje baadaye. Piga picha kabla magari hayajasogezwa: namba zote mbili, alama za breki, mahali magari yalipo kwenye mstari, uharibifu kwa karibu na kwa mbali. Chukua jina na simu ya dereva, leseni yake ukiweza, na shahidi ambaye si abiria wa upande wowote. Kisha hakiki bima ya mwenzako. Siku hizi stika ni ya kielektroniki; ukiingiza namba ya gari kwenye mfumo wa uhakiki wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, unaona kama gari lina bima hai na ni ya kampuni gani. Ni kazi ya dakika chache, na inakuepusha na ugonjwa wa zamani wa stika feki za mawakala vishoka. Hakiki na lako mwenyewe ukiwa nyumbani leo, kabla hujagongwa.

Polisi watakufungulia taarifa ya ajali. Nyaraka ambazo kampuni itazitaka ni ripoti ya polisi, ambayo wengi wanaijua kama PF 90, mchoro wa eneo la ajali, na ripoti ya mkaguzi wa magari wa polisi kuhusu hali ya gari. Kama kuna majeruhi, kuna PF 3, fomu ya polisi inayojazwa hospitali, na itunze kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa. Dereva akishtakiwa, chukua pia nakala ya hati ya mashtaka na ya hukumu. Dereva wa daladala akikiri mahakamani na kulipa faini, faini inakwenda serikalini. Wewe hupati hata shilingi. Ila hukumu hiyo ni ushahidi mzito kwenye faili la tatu, na kampuni ya bima ya daladala huwa inaiulizia kabla haijakubali chochote. Hapo ndipo miezi inapoyeyukia. Madai yanakaa, kumbe hakuna aliyekwenda kuomba nakala.

Sasa tuseme mwenye IST hakusaini ile karatasi ya daftari. Ana njia mbili. Anaweza kudai kwa kampuni yake mwenyewe, au kumfuata mwenye daladala na bima yake ndogo.

Bima ndogo ya gari binafsi watu wanaijua kwa bei yake, 118,000, yaani laki moja na VAT ya asilimia 18. Hailipi chochote kwenye gari la aliyeikata. Inamkinga aliyeikata dhidi ya madai ya watu aliowaumiza au aliowaharibia mali. Wewe uliyegongwa huna mkataba na kampuni ile. Aliye na mkataba ni mwenye daladala, na asipoitaarifu kampuni yake kuhusu ajali, dai lako linafika pale kama barua ya mgeni. Ndiyo sababu jambo la kwanza ni kumwandikia mwenye daladala kumdai, nakala kwa kampuni yake ya bima, na kumtaka athibitishe kwamba ameripoti. Asipotoa ushirikiano, njia iliyobaki ni kumshtaki na kupata hukumu.

Njia ya bima yako kubwa ni fupi zaidi, kwa sababu huhitaji kuthibitisha nani mkosaji. Gharama yake ni mbili. Kuna ekses, kiasi unachochangia mwenyewe kwenye kila dai, na kuna punguzo la kutodai ambalo unaweza kulipoteza unapokata upya mwaka unaofuata. Baada ya kukulipa, kampuni yako ndiyo itakayohangaishana na kampuni ya daladala. Na wewe bado una haki ya kumdai mkosaji yale ambayo bima yako haikulipa: ekses yenyewe, nauli za teksi wakati gari liko gereji, kipato kilichokatika. Usichoruhusiwa ni kulipwa bampa lile lile mara mbili. Bima inakurudisha ulipokuwa kabla ya ajali, haikupandishi daraja.

Ukiwa na bima kubwa na uharibifu ni wa maana, mimi ningeshika njia ya kampuni yangu bila kusita, na ekses ningemdai mwenye daladala kwa muda wangu.

Asesa na karatasi ya fundi

Ukishajaza fomu ya madai, kampuni inaleta mkaguzi wa hasara, ambaye gereji zote zinamwita asesa. Kabla hajafika, usitengeneze kitu. Gari lililopigwa rangi kwanza halafu ndiyo likaletwa kukaguliwa ni dai ambalo nusu yake imeshakufa, kwa kuwa hakuna anayeweza kuhakiki kilichokuwepo. Kuvutwa na brekdauni hadi mahali salama ni sawa, risiti iwekwe.

Fundi wako anaandika makadirio. Kwa IST yetu tuseme yamekuja hivi: bampa 250,000, mlango wa buti 600,000, taa mbili za nyuma 240,000, kunyoosha bodi 350,000, rangi 400,000, ufundi 260,000. Jumla 2,100,000. Asesa anazunguka gari na karatasi mkononi. Taa ya kushoto ni nzima, kwa nini zimeandikwa mbili? Anakata 120,000. Rangi ni ya nyuma tu, si ya gari zima, anaishusha hadi 300,000. Ufundi anaukubali kwa 180,000. Jumla yake ni 1,800,000.

Mkataba wa mfano wetu unasema ekses ni asilimia 10 ya dai, lakini isipungue 250,000. Asilimia 10 ya 1,800,000 ni 180,000, iko chini ya kima, kwa hiyo inakatwa 250,000. Kampuni inalipa 1,550,000. Sasa kama fundi hajakubali hesabu ya asesa na bado anasimamia 2,100,000 yake, tofauti ya 300,000 nayo inakuangukia. Laki tano na nusu kutoka mfukoni, kwa mtu aliyekuwa amesimama kwenye mataa. Ndiyo maana fundi na asesa wakutane uso kwa uso mbele ya gari, na wakubaliane bei kabla nyundo haijapigwa. Ukiwaachia wapigiane simu, utakayelipia kutoelewana kwao ni wewe.

Mambo mawili hapa huwa yanazua ugomvi usio wa lazima. La kwanza ni spea. Gari la miaka 15 likiwekewa kipuri kipya cha dukani, kampuni inaweza kukutaka uchangie sehemu ya bei kwa hoja kwamba ulikuwa na kipuri chakavu na sasa una kipya. Hoja hiyo ina msingi katika bima, lakini asilimia ya mchango isitokee hewani. Omba uonyeshwe kifungu. Mara nyingi spea ya mtumba yenye hali nzuri inaondoa mjadala wote. La pili ni uharibifu uliojificha. Fundi akifungua na kukuta chuma cha ndani kimepinda, asimamishe kazi, apige picha, na asesa aitwe tena aongeze makadirio. Fundi akikinyoosha kwanza ndipo aseme, kampuni itajibu kwamba haikukiona, na kweli haikukiona.

Thamani uliyoandika siku ya kukata bima

Eneo hili limeumiza watu kuliko mengine yote. Bima kubwa ya gari binafsi hutozwa sana kwa kiwango cha asilimia 3.5 ya thamani ya gari. IST inayouzwa milioni 15 sokoni ingelipiwa 525,000 kabla ya VAT. Mwenye gari anaona ni nyingi, wakala naye anataka biashara, wanaandika gari ni la milioni 9. Ada inashuka hadi 315,000. Wameokoa 210,000 na wamepeana mikono.

Mikataba mingine ina kifungu cha uwiano. Ukikatia bima asilimia 60 tu ya thamani halisi, unahesabiwa kuwa asilimia 40 umejibebea mwenyewe, na hilo linatumika hata kwenye bampa. Lile dai la 1,800,000 linakuwa 1,080,000 kabla hata ya ekses. Ile 210,000 iliyookolewa imekula 720,000 kwa mkupuo mmoja.

Kinyume chake pia hakina faida. Gari lililokuwa la milioni 15 mwaka wa kwanza linashuka thamani, lakini mwenyewe anahuisha bima kwa tarakimu ile ile kila mwaka kwa sababu hakuna aliyemwambia abadilishe. Gari likifa, kampuni hailipi kile ulichoandika; inalipa bei ya soko ya siku ya ajali, au kiasi cha bima, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Ada ya ziada uliyolipa miaka yote hiyo hairudi.

Na gari kufa kibima si lazima liwe limebonyea lote. Gharama ya kutengeneza ikikaribia mno thamani ya gari, kampuni inaona ni nafuu kukulipa gari zima. Hapo unakabidhi funguo na kadi ya gari, na mabaki yanakuwa ya kampuni. Ukiyataka mabaki, sema mapema, yathaminishwe na kukatwa kwenye malipo yako. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo na jina la benki lipo kwenye bima, benki inalipwa kwanza, wewe unapata kinachobaki. Kama kinabaki.

Kwa nini dai linakataliwa

Sababu nyingi za kukataliwa hazizaliwi siku ya ajali. Zilikuwepo tangu siku ya kukata bima. Gari limesajiliwa na kukatiwa bima kama la binafsi, lakini jioni linabeba abiria wa teksi mtandao. Abiria akiwa ndani na programu ikiwa imewashwa, kampuni ina hoja nzito: hatari iliyokubali kuibeba si hii. Leseni nayo: daraja D ni la gari binafsi, C ni la kubeba abiria, na leseni iliyokwisha muda ni kama haipo. Ulevi hauhitaji maelezo.

La kununua gari mkononi ndilo linalowakuta watu wasio na hila yoyote. Muuzaji anakwambia, "Bima ina miezi saba, endesha tu." Mkataba wa bima ulifungwa na yeye. Siku alipokuuzia, maslahi yake kwenye gari yaliisha, na wewe hujawahi kuandikishwa. Stika ikihakikiwa inasoma ni hai, trafiki anakuruhusu kupita, na bado ukigongwa huna wa kumdai kwenye kampuni ile. Kuhamisha jina kunahitaji kampuni ikubali kwa maandishi. Fanya hivyo wiki ile ile unayobadilisha kadi.

Wanaovuka mpaka nao wana lao. Bima ya Tanzania peke yake inaishia Namanga au Tunduma. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki, ndiyo inayokulinda kwa madai ya watu wengine ukiwa Kenya, Uganda, Zambia na nchi nyingine za mpango huo. Matengenezo ya gari lako mwenyewe huko nje ni suala la kuuliza kampuni yako kabla hujaondoka.

Hati ya mwisho

Kampuni ikiwa tayari kulipa inakuletea hati ya kuridhia malipo, maarufu kama dischaji vocha. Ina mistari michache: umepokea kiasi fulani, na huna dai jingine lolote kuhusu ajali hii. Wanaoisoma ni wachache kwa sababu wakati huo mtu ana hamu na hela. Ukishaisaini, chuma kilichopinda ambacho fundi atakigundua wiki ijayo ni chako. Ukiona kiasi hakitoshi, usisaini kwa matumaini ya kurekebisha baadaye. Andika barua, eleza kipengele gani hukubaliani nacho na kwa nini, ambatanisha makadirio ya gereji ya pili, omba ripoti ya asesa uisome.

Kampuni ikikataa dai, iombe sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba inachokitegemea. Jibu la mdomo la kaunta, "mkubwa amekataa," halina thamani yoyote huko mbele. Malalamiko yaanzie kwenye kampuni yenyewe. Yakikwama kuna TIRA, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009 mahsusi kwa mteja mmoja mmoja anayevutana na kampuni. Atataka kuona kwamba kampuni ulishaipa nafasi ya kujibu, kwa hiyo zile barua na tarehe zake ndizo kesi yako. Mahakama inabaki kuwa njia ya mwisho.

Kuhusu mahakama, hesabu miaka mapema. Chini ya Sheria ya Ukomo, dai dhidi ya aliyekugonga kwa uzembe lina miaka 3 tangu ajali, wakati dai la mkataba dhidi ya kampuni yako lina miaka 6, isipokuwa mkataba wenyewe una masharti yake ya muda yanayohitaji kusomwa. Barua za "suala lako linashughulikiwa" zisikufanye udhani saa imesimama. Ukifika mwaka wa pili bila jibu la maandishi kutoka upande wa daladala, mpelekee wakili faili lako lote, pamoja na zile picha za mataa ya Buguruni.